Godoro la Rahma

Tabata, Jumatano

Itangazwe rasmi: godoro la binti yangu Rahma limeanikwa tena uani, na majirani wote wameshalikagua.

Mama mkwe bado ana dawa yake. "Jumamosi watoto wa mtaa wamzungushe wakimwimbia kikojozi. Aibu itamponya." Nikaitika, "Sawa, mama," nikamchukua mtoto tukaenda zahanati. Kubishana naye kunachosha.

Daktari alimpima mkojo, akambonyeza tumbo, kisha akamuuliza Rahma, "Shuleni unaendaga chooni, mama?"

Rahma aliangalia viatu vyake. "Siendi. Mlango hauna komeo, wavulana wanausukuma."

Kumbe anajibana kutwa nzima, haja ndogo na kubwa. Choo kimekuwa kigumu, kinakandamiza kibofu, na akilala basi, mkojo unatoka wenyewe. Mtoto wa miaka minane. Na mie nilikuwa namnyima maji, namfokea asubuhi kabla hata hajaniamkia. Hilo ndilo linaloniuma.

Tumepewa dawa ya kulainisha choo. Maji anywe mchana, apunguze jioni, na asifokewe.

Mama mkwe kaniuliza ugonjwa wenyewe unaitwaje. Nikamwambia ni mlango wa choo usio na komeo.

Komeo linauzwa duka la vifaa hapo kona. Linafungwa kwa skrubu nne; kesho naenda nalo shuleni.