Kibuyu Kimoja cha Uji

Mjukuu wangu Neema,

"Aliyeugua korona akapona hahitaji chanjo, mwili umeshajifunza." Ndivyo wanavyosema wenzako wa bweni huko Dodoma, nawe unaniuliza kama ni kweli. Hapa kijijini Daa tu wazima, isipokuwa kifua cha dada yangu, Bibi yako Paulina, kinachoninyima usingizi.

Mwili hujifunza, sibishi. Nabisha wanaposahau anayeumia wakati unajifunza. Tukiwa wadogo, surua iliingia kwa jirani. Mama akatupeleka mimi na Paulina tukanywe uji kwenye kibuyu kimoja na mgonjwa, kama walivyofanya kina mama wote. "Waimalize surua mapema kabla ya mavuno," alisema. Nilipona, na surua haikunirudia tena. Paulina naye alipona, lakini macho yake hayakuona tena.

Juzi nilimsomea barua yako. Akacheka. "Mwambie huyo msomi aje, ila asinikoholee." Mimi sikucheka: korona si kama surua, huweza kumrudia hata aliyepona, naye akamwambukiza mwenye kifua kibovu.

Basi wewe na hao wenzako utakaokuja nao Krismasi, chanjeni kabla ya kupanda basi la Karatu, na mje na barakoa. Mkikataa, msiingie nyumbani kwa Paulina.

Babu yako