Njia ya kwenda Nangwa

Katesh, Jumanne

Zahanati ya Nangwa ilikosa mtandao tangu asubuhi. Muuguzi wa kule alipiga tena na tena: "Dada, wagonjwa wamejaa, taarifa zao hazifunguki." Na mimi niko peke yangu kwenye ofisi ya mitandao ya wilaya. Tangu mwenzangu Tluway ahamishiwe Babati, sina wa kumuuliza.

Nikaingia kwenye swichi, kifaa kinachounganisha vituo vyote, nikafungua jedwali la njia, lile linaloonyesha data za kila kituo zipitie wapi. Zamani nilikuwa naliogopa. Leo nikalisoma mstari kwa mstari. Nangwa haimo kabisa! Umeme ulipokatika jana usiku swichi ilizimika, na njia ile hakuna aliyekuwa ameihifadhi. Nikaiandika upya, nikaihifadhi.

"Zimefunguka!" muuguzi akasema, akakata simu. Ana watu wanamsubiri.

Nilitamani sana kumwambia mtu. Nikampigia mama, kule nyumbani Bashay.

"Shikamoo mama. Leo nimeipata njia iliyopotea, mwenyewe!"

"Marahaba mwanangu. Njia ya kuja nyumbani?"

Nikacheka kidogo. Halafu nikamwambia simu inakatakata.

Haikuwa inakatakata. Nilimsikia vizuri kabisa.