Jiwe la Mama Lililokanyagwa

Kuluba, Koboko
Jumatatu

Kwako Dada Viktoria,

Nakusalimu kwa heshima ya kifungua mimba na kwa upendo wa mdogo wako anayezidi kunenepa. Goti limetulia? Sisi huku tu wazima. Mihogo imeshika vizuri, na Mjomba Tongun bado anakohoa kwa nguvu kila chai inapochelewa. Simu ya huko Yei haishiki, kwa hiyo nampa barua hii Mariam Poni, anayevuka mpaka wa Kaya kesho na magunia yake ya vitunguu.

Mawe uliyoyaagiza kwa kaburi la Mama yalifika wiki jana kwa lori linaloelekea Oraba, mpakani. Ni ya pwani kweli, kutoka machimbo ya Mazeras, juu ya Mombasa, mapana, yana rangi ya asali. Lile kubwa ndilo ulilosema lilale kifuani pa Mama, laini, bila doa. Basi Dada, fundi Ayiko alipolimwagia maji, madoa yakajitokeza: alama tatu zilizobonyea, zinafuatana, kila moja ina vidole vitatu na inapita kiganja changu kwa ukubwa, nawe wavijua viganja vyangu.

Mjomba alitazama mara moja tu, akatoa hukumu. Alisema, "Hii hapana jiwe. Hii iko simenti, na bata mzinga ilipita juu kabla ya kukauka. Mutu ya Mombasa imekula wewe, Laku." Nami ninayeuza simenti sokoni Koboko, ambaye sakafu ya duka langu imejaa nyayo za kuku wa jirani, nilimwamini papo hapo. Nikapanda boda hadi Oraba kumgombeza dereva. Aliniacha nimalize, kisha akaniambia kwa Kiswahili chao cha kuteleza kwamba kilichokanyagwa na bata ni Kiswahili changu, na kwamba kwao mawe hayo hupasuliwa mlimani kwa mtaimbo, hayakorogwi kwa koleo.

Nilirudi na hasira, nikachukua nyundo nivunje pembe ya jiwe niupate ushahidi. Ayiko alikuwa tayari ameshika mashine yake ya kusawazisha, akisema iwe simenti iwe jiwe, yeye atazifuta alama hizo kabla jua halijashuka. Nikapiga. Ndani hamkuwa na kokoto hata moja. Yalikuwa matabaka membamba, kama chapati zilizopangwa. Tukageuza jiwe lililokuja limelala juu yake. Vidole vile vile vilikuwa vimetokeza, na tulipoyakutanisha vikaingia katika mashimo kama mguu katika kiatu chake. Ulikuwa mwamba mmoja. Nilimwambia Ayiko azime mashine.

Nikampigia Jovia, mtaalamu wa Arua anayepima miamba ya kujengea barabara. Alikuja asubuhi, akalala kifudifudi juu ya jiwe la Mama, hata Mjomba akauliza kama mgeni ameanguka kifafa. Jovia alisema hizo ni nyayo za dinosaria aliyepita kwenye tope la kando ya maji, zamani ambapo hapakuwa na mtu wa kumfukuza. Tope likafunikwa, likawa jiwe. Alisema likikaa kaburini, mvua zetu zitazila. Lakini wenzake wa pwani wakiliona, watajua limetoka tabaka lipi, watafute nyayo nyingine kabla hazijatandazwa kwenye varanda za watu. Na dereva alikuwa anarudi na lori tupu.

Hapo vita vikaanza. Mjomba alisema kaburi la dada yake halitabaki wazi Jumamosi, siku ya sherehe ya kaburi, wakwe waje watucheke. Mimi nilishaona kwamba jiwe lazima liende. Lakini unajua uzito wa neno langu katika ukoo huu: nikisema keti, hata mbuzi husimama.

Basi nakiri, Dada. Nilisimama uani nikatangaza kwamba nimepata ujumbe wa mkono kutoka Yei, na kwamba wewe, kifungua mimba, umeamuru jiwe lirudi pwani. Niliongeza kwamba umesema kwa ukali. Mjomba mwenyewe alisaidia kupakia mawe yote mawili, akimsihi dereva aende polepole, maana nani atakueleza wewe habari ya ufa? Yaliondoka jana.

Sikukuuliza, na Mama ni wako kama alivyo wangu. Ayiko ameunganisha mawe madogo, kazi safi, lakini kifuani pamebaki udongo. Utakapofika Ijumaa utachagua mwenyewe cha kulaza hapo, hata kama ni mimi.

Naomba tu, kabla hujanigeukia, umwambie Mjomba mbele ya watu kwamba ni kweli ulisema. Amekwisha kujigamba soko zima kwamba mpwa wake anaamuru hata wanyama wa kabla ya Nuhu, na wakikuuliza sababu, zote nimekuandikia humu.

Msalimie shemeji Ladu na watoto. Mke wangu Harriet anakusalimu, anacheka tangu jana. Mungu akuvushe salama.

Mdogo wako mtiifu, isipokuwa mara hii,
Paulino Laku