Nani Ameingia Chumba cha Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Stima imerudi leo, ilikuwa imepotea tangu Jumamosi. Kompyuta imewaka lakini chumba cha mtandao, kinachovigawia vyumba vingine intaneti, kimegoma. Kawaida yake ikizimika vibaya. Nimezima vyumba vyote vinavyokitegemea, nikawasha hicho kwanza, halafu vingine kimoja kimoja. Ukibadilisha mpangilio unapoteza asubuhi nzima.

Hii mashine imegawanywa ndani kama nyumba ambayo vyumba vyake havina milango kati yao, kila kimoja na rangi yake. Chekundu cha kuzurura mtandaoni. Cha manjano cha barua za ofisi. Cha kijani cha faili za wasichana waliotoroka kukeketwa, nacho hakina mtandao kabisa. Kirusi kikiingia chekundu, kitafia humo humo.

Nimefungua cha kijani kuhakikisha kiko sawa. Kiko sawa.

Jumatano, 5 Machi

Masasisho yamekataa. Diski imejaa, nikadhani ndiyo sababu. Nimefuta vyumba vya kutupa, vile vya kutumia mara moja, vilivyobaki na nakala za zamani. Diski ina nafasi sasa. Masasisho bado yanakataa. Nashuku kitu.

Mutuma, fundi wetu, amekuja na flashi ya picha za semina. Alitaka kuichomeka na kuifungulia kwenye chumba cha barua. Nimemwambia flashi ya mtu yeyote hufunguliwa kwenye chumba cha kutupa, ukimaliza chumba kinakufa nayo. Akacheka: "Kendi, hata mimi huniamini?"

Hata yeye. Ndiye aliyeniwekea hii mashine, na ana ufunguo wa ofisi.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu Wanja amepiga simu kutoka Ishiara. Baba yake Kathure ameonekana sokoni huko, anauliza nyumba ya mwalimu anayekaa na mtoto wa Kimeru. Kathure ni mmoja wa wasichana wa faili za kijani, ana miaka kumi na minne, tumemficha kwa mwalimu huyo. Kutoka kwao Mikinduri hadi Ishiara mtu hafiki kwa kubahatisha.

Nimeweka simu chini, nikaanza kuhesabu.

Tuliojua ni mimi, mwalimu mwenyewe, na Mama Nkatha, matroni wa makao yetu ya wasichana, aliyempeleka. Mama Nkatha hajui hata kuwasha kompyuta. Basi ni mashine.

Nimesoma kumbukumbu za mfumo. Chumba cha kijani kilifunguliwa Jumamosi. Jumamosi nilikuwa Embu kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yangu. Ofisi ilikuwa imefungwa. Mwenye ufunguo mwingine ni mmoja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemnyang'anya Mutuma ufunguo. Mbele ya watu. Hakubishana. Ameuweka mezani, akasema "Sawa, madam." Hajawahi kuniita madam.

Nimebadilisha nywila zote. Kabla ya kuandika kila moja nimeangalia rangi ya ukingo wa dirisha, maana dirisha la chekundu linaweza kujifanya ni la kijani, ila ukingo hauwezi kudanganya. Nimekagua chumba baada ya chumba. Hakuna kitu. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Mwalimu Wanja amemtoa mtoto nyumbani kwake. Yuko njiani. Mimi niko hapa na rangi zangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesoma ujumbe wa masasisho polepole, jambo nililopaswa kulifanya Jumatano. Unasema faili ya masasisho bado haijafika siku yake. Nikaangalia saa ya kompyuta. Mimi huangalia ya simu. Ya kompyuta iko nyuma siku mbili.

Betri ndogo ya ndani imechoka. Saa ilisimama stima ilipopotea Jumamosi, ikaendelea pale pale nilipoiwasha Jumatatu. Kwa hivyo aliyefungua cha kijani "Jumamosi" ni mimi. Jumatatu. Nikihakikisha kiko sawa.

Nimerekebisha saa. Masasisho yameingia bila neno. Kwanza kielelezo, yaani chumba mama ambacho vingine hunakiliwa kutoka kwake, halafu nikawasha upya vyumba vinavyokitumia.

Najisikia vibaya sana. Na bado sijui nani alisema.

Jumapili, 9 Machi

Najua.

Baada ya ibada hapa Kanyakine nimekaa na Mama Nkatha, tukaongea kuhusu Kathure. Akatoa simu ili anitie moyo. "Usijali, huyu mtoto ako mikononi mwa Mungu. Sikiza vile tulimwombea." Ni rekodi ya ushirika wa akina mama wa Jumapili iliyopita. Sauti yake, wazi kabisa: tumwombee mtoto wetu Kathure aliye Ishiara kwa mwalimu, baba yake asimfikie. Rekodi hutumwa kwenye kikundi cha makanisa yote. Mikinduri wamo.

Nimemwambia kwa upole ilivyokuwa. Ameishika simu kama sufuria ya moto. "Kendi, na si ni maombi? Mtu anaombewa aje bila jina?"

Sikuweza kumkasirikia. Kwenye rekodi, baada yake, wanawake wanasema Amina. Sauti iliyo karibu na simu kuliko zote ni yangu. Nilikuwa nimekaa kando yake. Sikusikia jina, nilisikia maombi.

Jumanne, 11 Machi

Nimemrudishia Mutuma ufunguo na kumwomba msamaha mbele ya wale wale. Msamaha ameupokea. Ufunguo ameuacha mezani. Betri ya ndani amebadilisha, akaenda.

Mwalimu Wanja amepiga. Kathure amefika mahali pengine. Akaanza kupataja, nikamkatiza. Nimefungua cha kijani, nikafuta Ishiara kwenye faili yake, nikapaacha wazi.

Nimeuliza tu kama mtoto amekula. Amekula. Githeri, na akaomba aongezwe.