Chura wa Chini ya Daraja

Jumanne, 8 Machi 1977
Muzafaru, mchoraji wangu, amevuka mpaka kwenda kwao Tororo, Uganda. Mamake mgonjwa. Amebeba michoro thelathini ya kitabu chetu cha biolojia aitie rangi akiwa huko. Imebaki sita tu ya kuchora — halafu kidato cha tatu wataona moyo na figo kitabuni, bila kungoja nichore ubaoni kwa kipande cha chaki. Nilimwambia aiache hapa Malaba. Mtu anayepaka mabango ya maduka hashauriki. "Mimi ni mtu wa huko, mwalimu. Nani atanisumbua?"
Atarudi Alhamisi.

Alhamisi, 10 Machi
Hajarudi. Labda mama amezidiwa.
Nimesahihisha madaftari. Mmoja amechora panzi bila kuandika ukubwa wala mahali alipomkamata. Sifuri, kama kawaida. Mchoro usio na mahali ni pambo.

Ijumaa, 11 Machi
Callistus, ajenti wa karatasi za malori, amenisimamisha sokoni. Sauti chini. Wanajeshi wa ng'ambo wamemshika Muzafaru. Walifungua mfuko wakakuta michoro.
"Chura hawana shida nayo, mwalimu. Shida ni hiyo maandishi ya chini."
Nilielewa kabla hajamaliza.
Chura, mara mbili ya ukubwa wake, chini ya daraja la Malaba, hatua thelathini kutoka kizuizi cha mpakani. Konokono, mtaro wa nyuma ya kambi ya jeshi, Tororo. Kila mmoja na tarehe na saa! Muzafaru hakutaka kuandika hayo. Mimi ndiye niliyemrudishia michoro kwa wino mwekundu: MAHALI? Na jina langu chini. Niliona konokono tu. Kambi sikuiona.

Jumapili, 13 Machi
Sikwenda kanisani. Nina michoro kumi na mmoja ya majaribio ya mwanzo hapa nyumbani. Nimekwangua majina ya mahali kwa wembe. Karatasi imetoboka. Sasa ni mbaya zaidi — kama ya mtu anayeficha kitu.
Gari likisimama barabarani nazima redio. Naogopa. Acha niandike, hakuna anayesoma: najiogopea mimi kuliko ninavyomwogopea yeye. Naona aibu.

Jumatatu, 14 Machi
Sikwenda shule. Saa mbili asubuhi amekuja Aidah, mke wa Muzafaru, pamoja na Callistus. Callistus alivuka jana na malori. Anasema mkubwa wa kizuizini anamtaka huyo J. Nekesa wa wino mwekundu. Afike mwenyewe kabla ya saa kumi jioni, aeleze maandishi yale ni ya nini. Akieleza vizuri pengine watamwachilia mchoraji.
Nikamuuliza, pengine ama kweli?
"Mimi nimebeba maneno tu, mwalimu. Wale watu huwezi jua." Akaenda zake, hakunitazama.
Aidah hakulia. Hakuniomba, na hilo ndilo baya. Alisema tu Muzafaru humwambia kwamba mimi ni mkali, lakini kitabu kitakuwa kizuri. Kisha akaketi kwenye veranda.
Nilimwambia anisubiri kidogo, navaa viatu.
Sasa ni saa nane na nusu. Bado yuko pale, namsikia akikohoa. Mimi niko kitandani na daftari hili. Viatu nimevaa tangu asubuhi.