Gari la Mwanahawa

Jumatatu, 14 Julai

Darasa la tatu, somo la kani. Wamesukuma madawati mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Nimewaambia kitu hakitoki mahali pake bila kusukumwa au kuvutwa. Wakaitikia kama kasuku.

Sikuwa na kifaa kingine, nikatoa kabatini gari la kopo la Mwanahawa. Nilimnyang'anya mwezi wa tano, alikuwa akilichezea kwenye hesabu. Nikasema atalipata shule zikifunguliwa. Homa ikamchukua likizoni. Msibani mama yake aliniuliza kama nimeliona. Nikasema sijaliona. Aibu tu. Watoto wamelitambua.

Jumanne, 15 Julai

Gari nililiacha sakafuni, kwenye alama ya chaki. Asubuhi limesogea shibiri moja. Nimegombeza darasa zima. Wote wamekana.

Jumatano, 16 Julai

Jana nilifunga mlango mwenyewe. Madirisha yana nondo, ufunguo nililala nao. Limesogea tena.

Sakafu imeinama, nikajiambia. Mtu wa milima ya Lushoto nisijue mteremko? Nikamwaga maji. Yakakimbilia mlangoni. Gari linapanda, linakwenda ukuta wa nyuma. Sipendi.

Alhamisi, 17 Julai

Limefika ukutani. Pua imebonyea, kama bado linataka kupita. Ukali wote umeniisha. Nimewauliza taratibu nani analisukuma. Zuhura wa dawati la mbele akasema, "Hasukumi mtu, mwalimu. Lavutwa."

Nyuma ya ukuta ule kuna minazi, halafu nyumba ya kina Mwanahawa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimelipeleka. Mama Mwanahawa alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Njia nzima nilikuwa natunga uongo mwingine. Nilipomwona, ukanikauka mdomoni. Nikamwambia nililichukua mimi, na msibani nilimdanganya.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Akafungua pindo la kanga, akatoa kamba.

"Kamba yake ilisalia huku, mwalimu. Kila nikishaswali alfajiri naivuta kidogo."

Akaifunga kwenye gari, akaliweka chini, akalivuta mpaka ndani. Lilikwenda bila kukwama. Nikabaki barazani. Akaniletea chai. Nikanywa.

Jumatatu, 21 Julai

Nimefuta alama ya chaki. Somo la nishati: jua, kuni, chakula. Wakauliza gari liko wapi. Nikasema limerudi kwao. Zuhura akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika.