Vyungu Vibichi Havihesabiwi

Ikombe, Jumanne

Bado sina la kumwandikia mchungaji Mjerumani. Nilimwahidi watu kumi wa kubatizwa kufikia Pasaka; ninaye mmoja, naye ni mke wangu.

Leo bibi Tusekile, mfinyanzi, alinikuta nikihesabu nyumba za kijiji chao, akacheka. "Mwalimu, sisi hatuhesabu vyungu kabla havijatoka motoni. Kila siku tunakanda udongo, basi."

Iliniuma, maana ni kweli. Sihesabu watu tena. Kila siku nitaingia nyumba moja, nikae, nisaidie kazi nitakayoikuta.

Nimeanzia kwake. Nimekanda udongo mpaka viganja vimechubuka, na habari za dini hatukuzigusa. Mchungaji akiuliza, sijui nitamwambia...

Nilipoaga, bibi aliubonyeza udongo wangu. "Ndaga, asante, mwalimu. Bado una mawe. Kesho uje mapema."